Fundi Meno na Mstari wa Saba

Jalada lake lina karatasi kumi na tisa. Ya kwanza ni fomu ya kujiunga na jeshi, iliyojazwa kwa wino wa bluu katikati ya uwanja wa mpira, juu ya meza iliyokuwa ikitikisika. Mwandiko unaonyesha mtikisiko huo. Ya mwisho ni barua ya mistari minne, aliyoiandika kwa mkono wake miezi ishirini na moja baadaye. Hizo kumi na saba za katikati ni za watu wengine waliomwandika yeye.

Kambini aliitwa Meno. Waliotaka kumwongezea heshima kidogo walimwita Fundi Meno, na jina hilo ndilo lililomkaa. Lilikuwa jina la haki. Alisomea utengenezaji wa meno bandia kwa miaka mitatu, akapata stashahada, kisha akafanya kazi miaka minne katika karakana iliyokuwa nyuma ya kliniki ya daktari mmoja mzee. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la wavu, benchi refu lililotapakaa vumbi jeupe la plasta, taa ya spiriti ya kuyeyushia nta, na rafu iliyopangwa vinywa vya watu: safu za ufizi wa plasta, kila moja ikiwa na jina la mwenyewe kwa penseli. Wateja waliochungulia humo kwa mara ya kwanza hawakukaa sana.

Meno ya kwanza kabisa aliyoyatengeneza peke yake, bila mkono wa daktari, yalikuwa ya mama yake. Mama alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, na alizoea kusema kwamba mwalimu asiye na meno ya mbele huwafundisha watoto makosa yake mwenyewe. Alikuwa amekwisha kustaafu, lakini alitaka kuzungumza vizuri, basi. Mwanawe alimtengenezea safu nzima ya juu. Alipoyavaa, mama alisoma kwa sauti ukurasa mzima wa gazeti, matangazo ya vifo yakiwemo, kisha akasema, "Haya. Sasa naweza kugombana na mtu."

Miaka miwili baadaye alipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ulilegea, mkono, mguu na shavu, na meno yale yaliyokuwa yamekaa kama yameota yakaanza kudondoka kila alipofungua kinywa. Mtu anaweza kudhani hilo ni jambo dogo mbele ya mkono usioinuka. Kwa mama halikuwa dogo. Bila meno hakutafuna, na maneno yake, ambayo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuyapunguza, yalitoka kama hewa. Mwanawe aligundua kwamba ufizi wa upande ule ulikuwa ukinywea kidogo kidogo. Kila baada ya wiki kadhaa aliyatoa meno, akayakausha, akaongeza tabaka jembamba la plastiki ya waridi upande wa kushoto, akayasugua kwa msasa na kuyarudisha. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini kwa mtu anayeijua. Mama alikuwa akiishi kwa dada mkubwa wa Fundi Meno, katika chumba cha uani, na dada ndiye aliyemwogesha, kumvika na kumlisha. Kazi ya meno ilikuwa ya mdogo wake. Hivyo ndivyo walivyogawana.

Kisha daktari mzee alifariki, watoto wake wakauza viti na mashine, na karakana ikafungwa. Fundi Meno alikaa mwaka mzima bila kazi. Alizunguka hospitali zote zilizofikika, na kila mahali aliambiwa kwamba siku hizi meno yanaagizwa.

Tangazo la jeshi alilikuta limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya wilaya. Wengine walisoma umri na urefu. Yeye alisoma mpaka chini, kwenye maandishi madogo, na humo ndimo alimopata neno lililomfanya asilale raha wiki ile: wenye taaluma wataandikishwa kwa cheo cha sajini, na kuanzia sajini, askari hupewa nyumba ya vyumba viwili kambini, akaruhusiwa kumwandikisha mzazi mmoja anayemtegemea. Alilinakili kwenye kipande cha karatasi na kumpelekea dada yake.

"Vyumba viwili," dada alisema. "Kimoja cha mama. Na hospitali iko hapo hapo getini?"

"Iko ndani ya uzio, dada."

"Basi nenda, mdogo wangu. Mgongo wangu huu hautashika milele."

Uwanjani kulikuwa na meza mbili. Kwenye meza ya wataalamu, kivulini, palikuwa na sajini mwenye orodha ya fani ishirini na mbili. Alipitisha kidole juu hadi chini, akarudia.

"Daktari wa meno yupo. Fundi wa meno hayupo."

"Ni fani ileile, afande, ila mimi ni upande wa karakana."

"Mimi naona kilichoandikwa. Rudi mwakani, huenda watakuongeza."

Fundi Meno hakuwa na mwakani. Alitoka kivulini akajipanga kwenye mstari wa pili, ule wa watu wote, uliozunguka goli zima. Mbele yake alisimama mwanamume aliyekuwa utingo wa lori, mwingi wa maneno, aliyekuwa amesikia mazungumzo yote.

"Bosi, usije ukatoa hicho cheti hapa," utingo alimwambia. "Ukisema una stashahada watakurudisha kwenye meza ile ile iliyokufukuza. Utashinda unazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Sema kidato cha nne. Ukishaingia ndani, ndipo utajieleza wewe ni nani."

Mstari wa saba wa fomu unauliza: Elimu ya juu kabisa uliyoipata. Karani aliandika alichoambiwa: Kidato cha nne. Chini kabisa kuna tamko, kwamba maelezo yote hapo juu ni ya kweli na kamili, na kwamba mwenye kuficha au kudanganya ataondolewa jeshini. Fundi Meno alitia saini. Baadaye alisema kuwa alilisoma tamko lile, na kwamba hakuona kuwa amedanganya, kwa sababu kidato cha nne alikuwa nacho kweli. Neno alilolipita ni "kabisa".

Mafunzo yalikuwa ya miezi sita. Alipomaliza alipangiwa kikosi chenye hospitali, akafurahi, na kumbe alipangiwa usafi. Kwa miezi saba alipiga deki ukumbi wa kliniki ya meno, nje ya mlango ambao angeweza kuingia na kufanya nusu ya kazi zilizoshindikana ndani. Utingo, aliyepangwa naye kikosi kimoja na kupewa gari la kubebea wagonjwa, alikuwa akimpita na kumtania: "Mtaalamu, hapo pembeni umeacha doa."

Mlango ulifunguka mwezi wa tatu wa mwaka wa pili. Koplo mmoja mpishi alikuja ameshika meno yake ya juu yaliyokatika vipande viwili. Mfupa ndio uliomshinda. Daktari wa meno wa kikosi alikuwa mwanamke mwenye cheo cha kapteni, mtu wa haraka, asiyependa kurudia jambo. Alimwambia mpishi kwamba karakana ya meno haipo, yatapelekwa makao makuu, angoje wiki sita.

"Wiki sita nikipika bila kuonja, afande?" mpishi aliuliza. "Kikosi kizima kitahama."

Kutoka ukumbini, mwenye ufagio alisema, "Afande, huo ufa ni wa katikati. Unaungika leo leo."

Kapteni alitoka nje. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna, afande."

"Umeuona wapi huo ufa?"

"Sijauona. Nimemsikia anavyotamka tangu juzi bwaloni. Hewa inapita katikati."

Kapteni anakumbuka kwamba hiyo ilikuwa Jumanne. Daftari la wagonjwa linasema Jumatano. Kwa vyovyote, alasiri ya siku hiyo hiyo meno yaliunganishwa, kwa unga wa plastiki uliokutwa kabatini na sufuria ya kuchemshia iliyoazimwa jikoni kwa mpishi mwenyewe. Mpishi aliyavaa, akatafuna hewa mara tatu, akasema, "Leo nyama itanitambua."

Tangu hapo Fundi Meno alipewa stoo iliyokuwa ya machela. Alitengeneza rafu, akaomba taa ya spiriti, akaanza kupanga vinywa vya plasta vyenye majina kwa penseli. Ufagio hakuuacha, asubuhi alipiga deki, kisha akaosha mikono na kuvaa koti jeupe la kuazima. Mwezi wa tano Kapteni alimwandikia barua ya kumwombea cheo. Kanuni, alimweleza, inasema kuwa mwenye taaluma aliyoipata kabla ya kujiunga anaweza kupandishwa hadi sajini ndani ya miaka yake miwili ya kwanza. Kanuni hiyo ina kipengele cha pili, kwamba taaluma hiyo iwe imeonyeshwa katika fomu ya kujiunga. Kapteni alikisoma kwa haraka. Alidhani kwamba hakuna mtu mwenye stashahada ambaye angeificha.

Fundi Meno hakumwambia. "Nilidhani fomu zile zikishajazwa hakuna anayezisoma tena," alieleza baadaye. Aliambatanisha nakala ya stashahada yake, karatasi namba nane jaladani, nakala safi yenye muhuri wa chuo.

Mwezi wa sita alipewa likizo ya siku tano. Alimkuta mama ameketi mlangoni, kitambaa mapajani, na meno yamelegea. Aliyatengeneza palepale juu ya stuli. Dada alisubiri amalize, kisha akamwita jikoni.

"Shemeji yako amehamishwa. Januari tunaondoka, na ni mbali. Mtu hawezi kwenda na kurudi kwa mwaka mara mbili."

"Na mama?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Cheo kimefika wapi?"

"Barua imekwenda."

"Barua imekwenda," dada alirudia, akigeuza sufuria. "Nami sitaki nimburuze mgonjwa njia yote hiyo. Nikimpeleka, atakuwa mikononi mwa watu asiowajua nikiwa kazini. Jitahidi, mdogo wangu. Mpaka Desemba nakusubiri."

Mama alikuwa amesikia. Mwanawe alipokwenda kumuaga, mama alimshika mkono kwa ule wake mzima. "Hicho chumba," alisema, akitamka vizuri, kwa sababu meno yalikuwa mapya, "kiwe na dirisha." Alimwahidi.

Barua ilipofika makao makuu ya brigedi ilitua juu ya meza ya Meja wa utumishi, mtu aliyeshughulikia vyeo na kumbukumbu za askari wote. Alikuwa mtu mpole na mwenye kupenda utaratibu. Mwaka uliotangulia gari lake liliacha barabara na akapoteza meno manne ya mbele ya juu. Tangu siku hiyo alizungumza akiwa ameinua jalada mbele ya midomo, na makarani wake walizoea kumwelewa kwa macho. Aliposoma barua ya Kapteni hakuijibu. Alikuja mwenyewe, na si kwa ajili ya cheo cha mtu.

Alikaa kwenye kiti cha ile stoo mara nne, mwezi wa tisa na wa kumi. Fundi Meno alichukua umbo la kinywa chake, akapanga meno kwenye nta, akayatoa, akayapanga tena. Alilinganisha rangi yake na ya yale yaliyobaki, mbele ya dirisha, kwa mwanga wa asubuhi. Siku ya mwisho alimvisha na kumpa jaribio ambalo mafundi wa kazi hiyo hulitumia, kwa kuwa herufi ya s ndiyo inayofichua meno mabaya.

"Hesabu, afande. Anzia sitini na moja."

Meja alihesabu. Alifika sitini na sita. Alirudia sitini na sita, polepole, kisha sitini na saba. Aliomba kioo, akajitazama muda mrefu, na jalada lilikuwa sakafuni.

"Mke wangu hajaniona nikicheka mwaka mzima," alisema. Kisha, mlangoni: "Jambo lako nimeliona. Lina kikao mwezi ujao."

Fundi Meno alimpigia dada simu siku hiyohiyo. Alimwambia aanze kukunja nguo za mama.

Kikao kilikuwa mwezi wa kumi na moja, saa nne asubuhi, katika chumba chenye meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Walikuwa watatu: Meja mwenyekiti, ofisa wa sheria aliyesema kidogo, na karani. Kapteni aliitwa kama shahidi. Alieleza kazi zote kwa idadi na tarehe. Meja alimshukuru, akafungua jalada kwenye karatasi namba moja.

"Mstari wa saba," alisoma. "Elimu ya juu kabisa uliyoipata. Jibu: kidato cha nne." Aliinua macho. "Hii ni saini yako?"

"Ni yangu, afande."

"Siku ulipoitia ulikuwa na stashahada?"

"Nilikuwa nayo miaka mitano."

"Sasa nisaidie. Kama fomu hii ni ya kweli, hukuwa na taaluma ulipojiunga, na kanuni haikuhusu. Kama stashahada ni ya kweli, basi ulitoa tamko la uongo, na kanuni nyingine inakuhusu, na hiyo nyingine ni ya kufukuzwa."

Kapteni aliuliza kama angeruhusiwa kusema neno. Aliruhusiwa. "Meja, ushahidi wa taaluma ya huyu askari uko humu chumbani," alisema, na hakumtazama kinywa, ingawa wote walijua.

"Najua ulipo, Kapteni. Mimi siwezi kuuambatanisha jaladani."

Karani aliinamisha kichwa. Fundi Meno alisimama wima, mikono ubavuni, na alichokuwa akikisikia, kwa maelezo yake mwenyewe, kilikuwa herufi. Saba, saini, stashahada, sheria. Kila moja ilitoka safi, bila hewa kupita pembeni. Alijikuta anafurahi kwa kiasi kidogo kwamba jino la pili kushoto halikuwa limepandishwa mno.

Meja hakuwa mtu mbaya. Alitafuta njia, na njia aliyoipata ndiyo hii: mwombaji aandike mwenyewe kwamba anaondoa ombi lake, na kwamba hana taaluma ya kuthibitishwa zaidi ya ilivyo katika fomu yake ya kujiunga. Hapo pasingekuwa na uongo, wala kosa, wala kufukuzwa. Angebaki askari asiye na tepe, na stoo yake ingebaki. Ofisa wa sheria alisema ni huruma kubwa.

"Na nyumba, afande?" Fundi Meno aliuliza.

"Nyumba ipi?"

"Ya vyumba viwili."

Meja alipekua karatasi. "Hiyo ni ya sajini," alisema kwa upole.

Alipewa karatasi na kalamu. Kama angekataa angetoka jeshini siku hiyo, bila kazi, bila karakana, na mama asingepata hata kile kidogo alichotumiwa kila mwezi. Aliandika mistari minne. Ni karatasi namba kumi na tisa. Mwandiko wake haukutikisika hata kidogo. Meza ile ilikuwa imara.

Utingo alimsubiri nje na gari. Hakutania. Walikuwa wamekwenda nusu ya njia aliposema, "Ni mimi niliyekwambia useme kidato cha nne."

"Mkono uliotia saini ni wangu."

"Hata hivyo," utingo alisema, akabadilisha gia.

Wiki ya mwisho ya Desemba alipewa siku mbili. Nyumba ya dada ilikuwa imejaa maboksi, na mama alikuwa amekalishwa katikati yake kama mojawapo. Fundi Meno alikuja na mkoba wa vifaa. Aliyatengeneza meno kwa saa tatu nzima. Aliongeza tabaka nene kuliko kawaida, akijaribu kukisia ufizi utakavyokuwa umenywea baada ya miezi miwili, mitatu, minne, kazi ambayo hakuna fundi anayeweza kuifanya, naye alijua. Mama alipoyavaa yalimbana.

"Yanauma?"

"Kidogo," mama alisema. "Yatazoea." Kisha akauliza kuhusu dirisha.

"Bado, mama."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama alivyokuwa akimwitikia mwanafunzi aliyekosa jibu na ambaye hakutaka kumwaibisha mbele ya wenzake.

Mama alifariki mwezi wa saba, huko mbali. Cheti kinasema kiharusi cha pili, na Fundi Meno hakubishana na cheti. Hakuwahi mazishi, ruhusa ilitoka, lakini safari ilikuwa ya siku mbili. Baada ya siku arobaini dada alimtumia kibweta, na ndani yake kulikuwa na miwani, picha ya darasa moja la zamani, na kopo la bati. Alilifungua kopo karakanani, juu ya benchi. Meno yalikuwa yameoshwa vizuri. Upande wa kushoto, mahali palipokuwa na nafasi ya unene wa ukucha, mtu alikuwa amebandika pamba, na juu yake kipande cha plasta ya vidonda, na juu yake pamba tena. Dada alikuwa amejaribu. Katika barua yake aliandika: "Nilifanya nilivyoweza ili yasimdondoke. Mwishoni alikataa kuyavaa, akawa anazungumza kwa mkono. Nisamehe."

Aliitoa pamba yote kwa kibano. Akawasha taa, akaongeza tabaka jembamba upande wa kushoto, akalisugua kwa msasa. Ilimchukua dakika ishirini. Kisha akayarudisha ndani ya kopo.

Mwezi wa tisa Meja alikuja. Kulikuwa na sehemu ndogo iliyomkwaruza ufizi. Fundi Meno aliitafuta kwa kidole, akaipunguza, akaing'arisha na kumrudishia. Meja aliuma mara mbili, akatabasamu kwenye kioo.

"Sijui ningekuwa wapi usingekuwa hapa," alisema. "Ulijifunzia wapi mambo haya?"

Fundi Meno alikuwa akifuta vumbi la waridi kwenye benchi, akilikusanya kwa ukingo wa kiganja. Alilimwaga kwenye ndoo, akasimama wima.

"Mimi ni kidato cha nne, afande," alisema.